Mweusi Katika Ukoo wa Kijani: Kisa cha Aniara sepulcralis, Mwindaji wa Usiku wa Amerika ya Kusini

Kisa ninachokichambua hapa kinamhusu mbawakawa mmoja wa Amerika ya Kusini, mweusi mwili mzima, asiyeng'aa, ambaye hutembea ardhini usiku akiwinda wadudu wenzake. Jina lake la kisayansi lililozoeleka ni Aniara sepulcralis. Nimemchagua kwa sababu historia yake inaonyesha waziwazi jambo ambalo hata watu wenye uzoefu hulichanganya: kumtambua mdudu ni kazi moja, na kumpangia ukoo wake ni kazi nyingine. Huyu ni miongoni mwa walio rahisi kutambulika katika kundi lake, lakini tangu mwaka 1838 alikaa katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya peke yake, na ushahidi mzito kwamba hapo si mahali pake ulikuja kutolewa mwaka 2007. Tena kile kinachotuwezesha kumjua kwa mtazamo mmoja ndicho kilichotupoteza tulipotafuta nasaba yake.

Familia yake ni Cicindelidae, ambayo ina spishi karibu 3,000 duniani. Nitawaita mbawakawa-chui, kwa kuwa huwinda kwa mbio na kwa taya, na jina la mnyama mkali limewakaa vizuri. Aliyewahi kutembea ufukweni mchana wa jua kali katika pwani ya Afrika Mashariki huenda amewaona jamaa zao: wadudu wadogo wenye miguu mirefu, wanaokimbia juu ya mchanga mkavu, wakaruka hatua chache mbele ya mtu, wakatua, kisha wakageuka kumtazama. Macho yao ni makubwa na yametokeza pembeni mwa kichwa, na taya zao zimepinda kama mundu na zina meno. Lava wao hawakimbii. Kila mmoja hukaa katika shimo la wima alilolichimba, kichwa chake kikiziba mdomo wa shimo kama kifuniko, na mgongoni, kwenye pingili ya tano ya fumbatio, ana nundu yenye kulabu zinazomshikilia ukutani ili windo lenye nguvu lisimvute nje.

Hao wa ufukweni ni wa mchana. Wa kisa hiki ni wa kabila, yaani ngazi iliyo kati ya familia na jenasi, la Megacephalini, na wengi wa kabila hilo hutoka giza likiingia. Mchana hujificha chini ya majani makavu na magogo, au ndani ya mashimo na nyufa za ardhi.

Kielelezo mezani

Tuseme kielelezo kiko mezani. Kimepatikana usiku kwa mwanga wa taa ya kichwani, juu ya udongo mtupu pembezoni mwa msitu katika nchi za Amazoni. Ni cheusi, kina taya kubwa, na mtu aliyekileta anauliza ni mdudu gani. Kishawishi cha kwanza ni kufungua picha mtandaoni na kutafuta kinachofanana. Njia hiyo wakati mwingine hufika, lakini haimwachi mtu na sababu ya kuamini jibu alilolipata, na katika wadudu weusi wa usiku mfanano wa juujuu ni mwingi mno. Ni heri kuanza na maumbo ambayo hayabadiliki kwa mwanga wala kwa pembe ya kamera.

Swali la kwanza ni kama huyu ni mbawakawa-chui kweli. Katika misitu hiyo hiyo, usiku huo huo, hutembea mbawakawa wa ardhini wa jenasi ya Scarites na jamaa zake, ambao nao ni weusi, wana taya za kutisha, na huwinda. Kinachowatenganisha ni mahali vipapasio vinapoota. Kwa mbawakawa-chui, vipapasio huota juu ya paji la uso, kwenye usawa wa juu ya mashina ya taya, na klipeo, yaani kibamba kilicho kati ya paji na mdomo wa juu, ni kipana kupita umbali uliopo kati ya mashina ya vipapasio hivyo. Kwa Scarites, vipapasio hutokea ubavuni, kati ya jicho na taya, chini ya ukingo wa kichwa. Miguu nayo husema: Scarites ni mchimbaji, ana miguu ya mbele mifupi na mipana yenye meno kama ya jembe, na kiuno chake kimebanwa. Mwindaji wetu ana miguu mirefu, myembamba, isiyo na zana yoyote ya kuchimbia. Basi Scarites anaondoka.

Swali la pili ni la ndani ya familia. Amerika ya Kusini ina mbawakawa-chui wengine wa usiku walio weusi au karibu na weusi, na ni lazima kila mmoja apewe nafasi yake kabla ya kukataliwa. Jenasi ya Ctenostoma hupanda juu ya matawi na mashina ya miti. Mwili wake ni mwembamba, pronoto yake, yaani ngao ya sehemu ya mbele ya kifua, imebanwa kama shingo ya chupa, na kwa mbali mtu humdhania sisimizi mkubwa. Kielelezo chetu hakina umbo hilo hata kidogo. Jenasi ya Oxycheila, pamoja na Cheiloxya iliyo jirani yake, ndiyo inayosumbua zaidi. Ni mbawakawa wakubwa, wenye giza, na wengi wa Oxycheila hupatikana kando ya vijito vyenye mawe. Spishi nyingi zina doa la manjano katika kila bawa gumu la mbele, lakini doa si la kutegemewa, kwa sababu si spishi zote zilizo nalo. La kutegemewa ni labro, yaani mdomo wa juu: kwa Oxycheila ni mrefu, umechongoka kuelekea mbele, na umefunika sehemu kubwa ya taya zinapokuwa zimefumbwa. Kwa mwindaji wetu labro ni fupi, taya ziko wazi. Nimeona mara kadhaa picha za Oxycheila zikiwekewa jina la Aniara, na pia kinyume chake, na kila mara jibu lilikuwa hapo hapo mdomoni, kama mpiga picha angekuwa amepiga hata picha moja ya uso kutoka mbele.

Tukishaondoa hao, tumebaki na Megacephalini wenyewe. Kichwa kipana, macho makubwa, pronoto iliyo pana mbele na nyembamba nyuma, mwili uliojaa: vyote vinakubaliana. Katika Amerika ya Kusini majina ya kufikiria hapa ni Tetracha, Phaeoxantha, Metriocheila na Aniara. Phaeoxantha wengi ni wa rangi ya mchanga, kati ya manjano na hudhurungi hafifu, na hata jina lenyewe limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya giza na manjano. Wamezoea kingo za mito. Tetracha ndiyo jenasi kubwa, yenye spishi zaidi ya 50, kuanzia Marekani hadi Argentina. Sura yake ya kawaida ni hii: mwili wa kijani cha metali, mara nyingine wenye mmeto wa shaba au zambarau, na miguu, vipapasio na sehemu za mdomo za rangi ya asali. Tetracha carolina, aliyepewa jina na Linnaeus mwenyewe, mwanzilishi wa mfumo wa majina ya kisayansi, ana pia alama ya rangi hafifu kama koma kwenye ncha ya kila bawa gumu. Jamaa yake Tetracha virginica hana alama hiyo.

Kielelezo chetu ni cheusi, hakina mmeto wala koma. Katika Megacephalini wa bara hilo, weusi wa namna hii usio na mng'ao unatosha kutupeleka kwa Aniara sepulcralis, spishi pekee iliyokuwa ndani ya jenasi hiyo. Utambuzi umekwisha. Kwa mwenye kielelezo mkononi na darubini ndogo ya mezani, kazi yote hii haifiki hata nusu saa.

Lakini tazama tulivyofika. Kumtoa Scarites tulitumia mashina ya vipapasio na miguu, kumtoa Ctenostoma tulitumia umbo la kifua, na kumtoa Oxycheila tulitumia mdomo. Kumtenga na Tetracha, hoja iliyobeba uzito karibu wote ilikuwa rangi na namna uso wa mwili unavyopokea mwanga. Hoja nyingine zilihusu maumbile ya mwili wenyewe. Hii ya mwisho inahusu vazi. Kwa utambuzi hilo si kosa, kwa maana alama yoyote inayotenga bila kukosea inafaa. Kwa nasaba ni hatari, na hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa kigumu.

Weusi una maana gani

Ukijani wa Tetracha haukutokana na rangi kwa maana ya kawaida ya neno. Katika sehemu ya juu kabisa ya ganda la mbawakawa-chui wenye metali kuna matabaka membamba sana yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mwanga unaorudishwa na matabaka hayo huimarishana kwa mawimbi fulani na kufutana kwa mengine. Unene wa matabaka ndio unaoamua kama jicho litaona kijani, buluu au shaba. Chini yake kuna melanini nyeusi inayonyonya mwanga uliopenya, ili usirudi na kuchafua ile rangi safi iliyoakisiwa. Maana yake ni kwamba weusi umo tayari ndani ya kila mbawakawa wa kijani. Mpangilio wa matabaka ukivurugika au ukipungua, hakuna haja ya kitu kipya. Kilichokuwa chini kinaonekana.

Ndiyo maana rangi katika familia hii hubadilika kwa wepesi. Katika Amerika ya Kaskazini, Cicindela punctulata, mbawakawa-chui wa mchana anayejulikana sana, huwa na giza sehemu kubwa ya eneo lake, lakini kuna maeneo ambako mbawakawa wa spishi hiyo hiyo ni wa kijani. Hakuna anayewatenga kuwa jenasi mbili kwa sababu hiyo. Kama tofauti ya namna hiyo inaweza kutokea ndani ya spishi moja, basi mweusi mmoja kati ya makumi ya spishi za kijani hapaswi kutushangaza, na wala weusi wake peke yake haupaswi kuhesabiwa kuwa cheti cha ukoo tofauti.

Hapa niongeze tahadhari kwa wanaofanya utambuzi kwa picha. Mwanga wa kamera wa ghafla, unaopiga usiku kutoka upande mmoja, unaweza kumfanya Tetracha wa kijani kilichokolea aonekane mweusi, kwa kuwa rangi ya matabaka hutegemea pembe ya mwanga na ya jicho. Picha moja iliyopigwa kutoka juu haitoshi. Ni vema mtu azungushe taa, apige kutoka pande mbili au tatu, na aangalie rangi ya miguu na ya mashina ya vipapasio, ambayo si ya metali na hivyo haidanganyi kwa urahisi kiasi hicho.

Usiku wenyewe pia haufai kuwa cheti cha ukoo. Oxycheila ni wa usiku na si Megacephalini. Pseudoxycheila, jamaa wa karibu wa Oxycheila, hukimbia mchana kweupe kwenye kingo za udongo milimani. Maisha ya gizani yamegawanyika katika matawi kadhaa ya familia, na anayemweka mdudu katika kundi kwa sababu tu alimkuta saa nne usiku anapanga ratiba, hapangi nasaba.

Jinsi jina lilivyojengwa

Aliyemwelezea mbawakawa huyu kwa mara ya kwanza ni Johan Christian Fabricius, mwanafunzi wa Linnaeus, mwaka 1801. Alimweka katika Cicindela, jenasi ambayo wakati huo ilikuwa kama ghala la karibu mbawakawa-chui wote. Jina la spishi alilompa, sepulcralis, ni la Kilatini na lina maana ya mambo ya kaburi. Mwaka uliofuata, 1802, Pierre André Latreille aliunda jenasi ya Megacephala, yaani wenye vichwa vikubwa, na msingi wake ulikuwa spishi ya Afrika Magharibi. Jambo hili msomaji wa Afrika ana haki ya kulikumbuka: jina ambalo baadaye lilivishwa mbawakawa wa usiku wa mabara kadhaa, pamoja na wa Amazoni, lilizaliwa kwa kielelezo cha Afrika.

Mwaka 1838 Mwingereza Frederick William Hope, ambaye mkusanyo wake wa wadudu ndio ulioanzisha hazina kubwa ya Chuo Kikuu cha Oxford, alitoa majina mawili yanayotuhusu. La kwanza ni Tetracha, kwa wale wa kijani wa Amerika. La pili ni Aniara, kwa huyu mweusi peke yake. Aniara linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuhuzunisha. Fabricius alimpa kaburi, Hope akamwongezea huzuni. Wote wawili walikuwa wanaitazama rangi. Siwalaumu. Hawakuwa na njia ya kuona chini ya ganda, na kwa mtu aliyezoea kijani cha Tetracha, mweusi huyu alionekana kweli kama kiumbe wa nyumba nyingine. Ila ni muhimu kujua kwamba jenasi ilijengwa juu ya hisia hiyo, kwa sababu jenasi ikishapata jina huanza kujitetea yenyewe: kila mwenye kuandika orodha huirithi, na kila anayetengeneza ufunguo wa utambuzi huitafutia alama zaidi za kuitenga.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Walther Horn, aliyekuwa mamlaka kuu ya mbawakawa-chui duniani hadi alipofariki mwaka 1939, aliielewa Megacephala kwa upana mkubwa, akaifanya Tetracha kuwa sehemu ya ndani yake. Kwa miongo mingi, basi, mbawakawa wa kijani wa Brazili na mbawakawa wa Senegali walibeba jina moja la jenasi. Mwaka 1994 Mmarekani Ronald Huber alitetea kuligawa kundi hilo upya. Megacephala ikabaki na Waafrika. Wa Australia wakapata majina yao. Yule wa maeneo ya chumvi kuanzia Mediterania hadi Asia ya Kati, aliyeitwa kwa jina la mto Frati, akawekwa katika Grammognatha. Wa Amerika wakarudi kwenye Tetracha, Phaeoxantha na Metriocheila. Mgawanyo huo uliheshimu jiografia na maumbo kwa pamoja, na kwa maoni yangu ulikuwa hatua kubwa mbele, ingawa ulimwacha Aniara pale pale alipokuwa.

Mwaka 2007 ulileta kazi mbili. Roger Naviaux alitoa marekebisho makubwa ya jenasi ya Tetracha kwa kuchunguza maumbo. Katika mwaka huo huo kundi la watafiti lililoongozwa na Matthias Zerm lilitoa mti wa nasaba wa Megacephalina, kundi la Megacephala na jamaa zake, uliotokana na DNA. Zerm hakuwa mgeni kwa wadudu hawa. Pamoja na Joachim Adis alikuwa amechunguza mbawakawa-chui wa usiku katika mabonde ya mafuriko ya Amazoni ya kati, karibu na Manaus, ambako maji ya mto hupanda na kushuka kwa mita 10 hivi kila mwaka. Lava wa Phaeoxantha klugii, waligundua, hubaki ardhini chini ya maji kwa miezi mitatu na zaidi, na majaribio ya maabara yalionyesha kwamba wanaweza kuvumilia siku kadhaa bila oksijeni kabisa. Ukiwa na mdudu wa namna hiyo, swali la ukoo linakoma kuwa la makaratasi tu: huwezi kujua kama uwezo huo ulizuka mara moja au mara kadhaa kama hujui nani ni ndugu wa nani.

Katika mti huo wa DNA, Aniara hakusimama kando ya Tetracha kama jirani. Alikuwa ndani yake.

Kuwa ndani

Tofauti kati ya kusimama kando na kuwa ndani ndiyo uzito wote wa kisa, kwa hiyo inastahili maelezo. Tukichukulia ukoo wa babu mmoja, tunaweza kuandika orodha ya wajukuu wake wote na kuipa jina la ukoo. Hatuwezi kumwondoa mjukuu mmoja katika orodha kwa sababu tu anavaa nguo nyeusi, kisha tukaendelea kudai kwamba orodha ni ya wajukuu wote wa babu yule. Ama arudishwe, ama orodha igawanywe katika matawi madogo, kila tawi na babu yake. Aniara angekuwa amesimama kando, yaani kama babu yake angekuwa ametengana na wa Tetracha kabla ya hao kuanza kugawanyika, jenasi yake ingekuwa halali hata kama ina spishi moja. Lakini kwa kuwa baadhi ya Tetracha wana undugu wa karibu zaidi na Aniara kuliko na Tetracha wengine, jenasi ya Tetracha bila yeye ni orodha iliyotobolewa.

Njia ya kuigawa Tetracha katika jenasi kadhaa ndogo inawezekana kwa nadharia, lakini naiona kuwa gharama kubwa isiyo na faida: majina ya makumi ya spishi yangebadilika ili kulinda jina la mmoja. Njia ya kumrudisha ni nyepesi. Jina linakuwa Tetracha sepulcralis (Fabricius, 1801). Mabano yanayozunguka jina la Fabricius yanaeleza kwamba spishi imehama kutoka jenasi aliyoiweka mwanzoni, na yalikuwepo hata alipoitwa Aniara. Kiambishi cha mwisho hakibadiliki, kwa maana umbo la Kilatini sepulcralis hutumika vile vile kwa jinsia ya kiume na ya kike.

Kuna tatizo moja dogo la kanuni ambalo limenivutia sana. Majina mawili ya jenasi yakiunganishwa, la zamani zaidi ndilo hushinda. Sasa Tetracha na Aniara yote ni ya Hope na yote ni ya mwaka 1838. Hakuna la zamani. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zimeona mbali katika hali kama hii: majina yaliyotoka kwa wakati mmoja hupangwa na mwandishi wa kwanza anayeyakabili pamoja na kuchagua mojawapo, na uchaguzi wake huheshimiwa. Chaguo lenye akili ni Tetracha, lenye spishi zaidi ya 50 na matumizi mengi. Kumchagua Aniara kungewafanya wale wote wa kijani wabebe jina la huzuni la ndugu yao mmoja mweusi.

Wapo wanaoweza kupinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Wa kwanza atasema kwamba jenasi ya Aniara inafaa kazini, kwa kuwa inamtaja mdudu asiyechanganywa na mwingine. Namjibu kwamba jina la spishi tayari linafanya kazi hiyo; sepulcralis ni mmoja tu ndani ya Tetracha. Wa pili atasema kwamba mti wa DNA ni kauli ya vipande vichache vya jenomu, na kwamba vipande vingine vinaweza kusema vingine. Hili ni la haki. Ndiyo maana utafiti wa nasaba unapaswa kulinganishwa na ushahidi usiohusiana na rangi: kiungo cha uzazi cha dume, ambacho wataalamu wa mbawakawa hukitumia sana kutenga na kuunganisha spishi, na maumbo ya lava, hasa kulabu za mgongoni na vinyweleo vya kichwa. Lakini mzigo wa kuthibitisha umehama. Kabla ya 2007 aliyetaka kumtoa Aniara kwenye jenasi yake ndiye aliyedaiwa ushahidi. Baada ya hapo anayetaka kumbakiza ndiye anayedaiwa, na akija na weusi pekee hajaja na kitu. Hata hivyo, msomaji asishangae akimkuta bado kwa jina la Aniara katika orodha na hifadhidata. Orodha husogea polepole kuliko ushahidi.

Ngazi za juu nazo zimesogea. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliwaweka mbawakawa-chui wote kama nusufamilia ndani ya Carabidae, familia ya Scarites wetu wa mwanzo. Mwaka 2020 Daniel Duran na Harlan Gough, wakitegemea miti ya nasaba iliyopanuka, walitetea kuwarudishia hadhi ya familia kamili, Cicindelidae, yenye makabila sita, na Megacephalini ikiwa mojawapo. Nimefuata mpangilio huo katika maandishi haya. Kwa kisa chetu haubadilishi jambo: Aniara anahama ndani ya nyumba, bila kujali nyumba imejengwa katika kiwanja gani.

Kinachobaki ni kielelezo mezani na lebo zake. Lebo ya kwanza, iliyo muhimu kuliko zote, haina jina la mdudu kabisa: ina nchi, jimbo, mahali, viwianishi, tarehe, saa, aina ya ardhi na namna alivyopatikana, na kwa Brazili panapaswa pia kuwa na kibali cha ukusanyaji kinachotolewa kupitia mfumo wa SISBIO. Lebo ya pili ina jina, mwaka wa utambuzi na aliyetambua. Kama kielelezo ni cha zamani na tayari kina lebo iliyoandikwa Aniara sepulcralis, desturi ya makumbusho ni kutoing'oa. Mpya, Tetracha sepulcralis (Fabricius, 1801), huchomwa chini yake kwenye pini ile ile, na ile ya zamani hubaki mahali ilipowekwa na mtu aliyeandika kile alichokiona.